Onyo Liwe na Herufi Kubwa

Mama Rangi ni mwandishi wa mabango. Duka gani mtaani halina mkono wake? Asubuhi moja alikuwa kwenye ukuta wa soko, akiandika tangazo la bahati nasibu ya serikali: CHEZA LEO, USHINDE!

Mumewe, fundi cherehani, akaja akichekelea.

"Mke wangu, nimepata mteja wa cherehani. Kesho anaichukua. Pesa yote tiketi! Safari hii hatukosi."

Brashi nusura imponyoke. "Uuze cherehani? Tutakula nini?"

"Hawa si matapeli, ni serikali. Itatudanganyaje? Si wewe mwenyewe unayeandika?"

Maneno hayo yalimchoma Mama Rangi. Alikwenda mbio kwa jirani yao, mwalimu mstaafu wa hesabu, akamwonyesha karatasi ya maneno aliyopewa ayaandike ukutani.

Mwalimu alivaa miwani. "Chini hapa wameandika kwamba tiketi moja tu kati ya milioni ndiyo hupata zawadi kubwa. Hawakudanganya. Ila ushindi wameupigia kelele, onyo wamelinong'ona."

"Na nimeambiwa niliandike hivyo hivyo, dogo kama kucha!"

"Mumeo hataelewa kwa namba. Mwonyeshe kwa macho."

Wakatafuta gunia la mchele la kilo ishirini na tano. Mwalimu alisema punje zake hazipungui sana milioni. Mama Rangi akapaka punje moja rangi nyekundu, ikakauka, akaikoroga humo.

"Haya, baba watoto, fumba macho. Ukitoa nyekundu, uza cherehani."

Fundi akatoa punje. Nyeupe. Akatoa tena. Nyeupe. Alipofika ya arobaini, jasho lilikuwa likimtoka na majirani wameshika mbavu.

"Lo! Kumbe hiki ndicho nilichokuwa nanunua?" Akakaa chini. "Nisamehe, mama. Cherehani haiendi popote."

Mama Rangi alifurahi, lakini hasira haikumwisha. Wangapi wengine wataponzwa na ukuta ule? Kesho yake akaenda ofisini kwa bahati nasibu.

"Mama, kazi yako kuandika, siyo kufikiri," afisa alimwambia.

"Watu wanawaamini kwa sababu ninyi ni serikali. Ndiyo maana haifai kuwaficha. Onyo liwe kubwa sawa na ushindi, la sivyo tafuteni mwingine!"

Mkuu wa ofisi akatoka kusikiliza. Mama Rangi akasimamisha karatasi mlangoni.

"Mzee, rudi nyuma hatua ishirini, usome onyo."

Mkuu akakodoa macho. Akainamisha kichwa huku na huku. Wapi!

"Kanuni yetu inasema onyo lisomeke," akakiri. "Hili halisomeki. Andika unavyotaka, mama. Na kuta nyingine tisa za tangazo hili ni zako pia."

Mama Rangi alirudi sokoni akipiga vigelegele. Kufikia adhuhuri ukuta ulisema, kwa herufi za urefu wa mkono: TIKETI MOJA TU KATI YA MILIONI HUPATA ZAWADI KUBWA. USICHEZEE PESA YA CHAKULA.

Muuza mboga mmoja, aliyejifunza kusoma mwaka ule, alisimama pesa ikiwa mkononi.

"Mi-li-o-ni," akasoma. Akasoma tena, kwa sauti, mpaka wenzake wakageuka. Kisha akaitia pesa mfukoni.

"Mimi nakwenda kununua unga," akasema.