Meza Isiyopita Mlangoni

Meza ya Mathenge iliibwa Jumapili moja ya Januari 1986, kati ya wimbo wa kwanza na sadaka. Ndivyo alivyodai mwenyewe, kwani muda huo jamaa yote ilikuwa kanisani, na mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa tu.

Jumatatu asubuhi Inspekta Ndeti alisimama sebuleni kwa Mathenge, katika mji mdogo wa Malili, akatazama zulia. Alama nne za miguu ya chuma, basi. Redio ilikuwa mahali pake. Saa ya ukutani pia. Vitambaa vya kufumwa vilivyofunika meza vilikuwa vimekunjwa vizuri, vikapangwa kwenye kochi, thamosi kando yake. Ndeti hakuwahi kukutana na mwizi mwenye adabu namna hiyo, akaanza kumpenda.

"Ilikuwa ya namna gani?"

"Ya kisasa, Afande. Mbao ya mukau, ule mti mgumu wa huku kwetu, kioo katikati, miguu ya chuma," alisema Mathenge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Fundi Kisilu alinitengenezea. Wageni wa Krismasi walipiga magoti waone vile imeungwa."

Mkewe, Waithera, alikuwa amembeba binti yao Waringa, wa miezi kumi. Mtoto alinyoosha mikono pale meza ilipokuwa.

"Huyu ndiye amelia zaidi," alisema Waithera. "Amejifunza kusimama akiishika."

Ndeti aliupima mlango kwa mikono. "Meza kubwa hivyo iliingiaje?"

"Haingepita ikiwa nzima. Kisilu aliileta vipande, akaiunga humu ndani. Nati zimefichwa chini, huwezi kuziona."

"Nani anajua ziko wapi?"

Mathenge alitikisa kichwa. "Afande, Kisilu ni mtu wa kanisa. Ndiye anaongoza kwaya."

"Jana aliongoza?"

Waithera ndiye aliyejibu. "Hapana. Tuliambiwa tumbo linamsumbua."

Karakana ya Kisilu ilikuwa nyuma ya kinu cha unga. Fundi, mzee wa miaka hamsini na ushei, aliwaona Inspekta, Mathenge na Waithera na mtoto wakija, akaweka randa chini. Hakukimbia. Alivuta magunia pembeni, na meza ikaonekana. Kioo chake kilikuwa vipande vipande.

"Umeivunja!" Mathenge alifoka.

"Sijaigusa. Imepasuka yenyewe leo asubuhi, nikikunywa chai."

"Eleza vizuri," alisema Ndeti.

"Hiyo mbao ilikuwa mbichi, Afande. Ikikauka inasinyaa, inabana kioo. Alhamisi tulikuwa na maombi kwa Mathenge, nikasikia meza inalia. Kidogo tu. Na mtoto amesimama hapo, amelalia kioo na kifua, anagonga na kijiko." Alionyesha vipande vya kioo. "Tangu siku hiyo sijalala."

"Si ungesema tu?"

"Niseme nini? Miaka thelathini natengeneza viti vya watu. Niseme Kisilu ameweka mbao mbichi kwa nyumba ya mtoto?" Akajifuta uso kwa aproni. "Nilitaka kubadilisha mbao, nirudishe kimyakimya. Nikishikwa, wataniita mwizi. Mwizi anafungwa, anatoka. Fundi mbaya hatoki."

Ndeti, ambaye kazi yake ilikuwa kukamata wezi, alimhurumia mzee huyu.

Waithera aliinama, akaokota kipande cha kioo, kirefu, chenye ncha. Akakitazama. Akamtazama mtoto, akamkumbatia kwa nguvu mpaka Waringa akalia.

Inspekta alifungua daftari. "Bwana Mathenge, wewe ndiye mlalamikaji. Niandike nini?"

Mathenge alitazama kile kipande mkononi mwa mkewe.

"Andika Kisilu aliniomba miezi mitatu mbao ikauke," alisema. "Mimi nikamwambia wageni wanakuja Krismasi. Nikampa wiki mbili."