Mtumiaji wa Sasa: Kyalo

"Saba-Tatu, mlengwa yuko getini. Mchukue."

Mukami, jasusi aliyeitwa Saba-Tatu redioni, hakuuliza mara mbili. Alishuka kwenye Subaru, akavuka barabara ya vumbi ya mtaa wa Lucky Summer, mkono kwenye bastola ya Glock chini ya jaketi. Mbele yake kijana wa suti mpya alikuwa akimvuta mbuzi wa tatu aingie kwa wakwe.

Mbuzi watatu wa ntheo. Kwa Wakamba, bila hao huna mke.

Mukami alimwangusha kijana kifudifudi pale pale. Goti mgongoni. Pingu.

"Kyalo, karani wa ghala la kampuni ya Mzinga! Umekamatwa kwa kupitisha vilipuzi!"

Alilisema jina kwa sauti, na alitaka majirani walisikie. Nthambi, mchumba wa Kyalo, alishika mdomo. Baba yake, Mzee Munyoki, aliwatoa mbuzi nje mmoja mmoja, akafunga geti.

Ushahidi si ulikuwepo? Kreti za vilipuzi, zilizoandikwa vipuri vya trekta, zilikuwa zikitoka ghalani kwa ruhusa halali. Kila ruhusa inapotolewa, kompyuta za ghala huandika mtumiaji wa sasa, yaani yule aliye kazini dakika hiyo. Kila mara ziliandika KYALO. Kompyuta haina chuki na mtu, Mukami alijiambia, akajiona mjanja kweli kweli.

Hawakuwa wamefika mbali tableti yake ilipolia.

Ruhusa mpya. Lori moja, linaondoka sasa hivi.

Mtumiaji wa sasa: KYALO.

Mukami akageuka. Kyalo alikuwa kiti cha nyuma, mikono mgongoni, vumbi mdomoni.

Akasoma tena. Aibu ilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni.

Akampigia Maina, fundi aliyetengeneza mfumo ule.

"Kyalo ninaye hapa kwenye pingu, na mfumo wako unasema ametoa lori. Nieleze."

Maina akakohoa.

"Ile shida... Mfumo unashika jina la aliyefungua wa kwanza asubuhi. Wengine wakiingia, jina halibadiliki. Wote wanaandikwa yeye."

"Ni mimi hufungua," Kyalo alisema nyuma. "Hata leo nilipitia kabla ya kuja kwa wakwe."

"Maina, nani mwingine anajua?"

"Meneja. Ng'ang'a. Nilimwambia, akasema niache tu hivyo, tutarekebisha baadaye."

Mukami alizungusha gari, matairi yakalia.

"Mbona hukuniambia hukuwa kazini?"

"Ulikuwa umenikalia, madam."

Mukami alisimamisha gari kando, akamfungua pingu bila kumtazama usoni.

"Ng'ang'a hatapita geti kubwa la ghala, kuna kamera," Kyalo alisema, akisugua mikono. "Pita nyuma, upande wa mto."

Walifika nyuma ya ghala, mtaani Baba Dogo, lori likitokeza pua. Mukami aliziba njia kwa Subaru, akaruka nje.

Akafyatua risasi mbili. Tairi la mbele likalala.

Ng'ang'a aliteremka na bastola. Kabla hajainyanyua, Mukami alimpiga teke kiganjani, la pili tumboni. Meneja akakaa chini matopeni.

"Niaje, meneja."

"Huna kitu," Ng'ang'a alihema. "Angalia mfumo. Ni Kyalo."

"Kyalo yuko kwenye gari langu."

Redio ikakoroma. "Saba-Tatu, vijana wanakuja kumchukua. Kazi safi. Potea."

Kupotea ndiyo kazi yenyewe. Hata majirani zake walidhani anauza bima.

Lakini alimrudisha Kyalo Lucky Summer. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya stima. Wageni walikuwa wamekwenda zao. Mzee Munyoki alifungua geti nusu, akaitazama ile suti iliyochanika goti.

"Mzee, nilikosea. Huyu hana hatia. Naomba msamaha."

"Mimi umeniomba. Lakini jina la huyu kijana ulilipigia kelele, watu wakaenda nalo makwao." Mzee alimtazama. "Na wewe, unaitwa nani?"

Mukami alitamani ardhi immeze.

"Mukami," alisema. "Teresiah Mukami."

"Saba-Tatu, mbona bado uko hapo? Ondoka."

Akaizima redio. Akaenda geti la jirani, akabisha. Akatoka mama mmoja na mwiko mkononi.

"Naitwa Teresiah Mukami. Mchana nilimkamata Kyalo mbele yenu. Hakufanya chochote. Kosa ni langu."

Mama alimpima kwa macho, juu mpaka chini.

"Ngoja nimwite mzee wangu. Uyaseme tena, hakusikia."

Akayasema tena, kwa sauti ile ile aliyoitumia mchana.

Alipokuwa akielekea geti la pili, alisikia nyuma yake lile la Munyoki likifunguliwa lote, na mbuzi wakilia wakivutwa ndani. Hakugeuka. Aliona haya kutazama. Akatia mikono mfukoni, akaendelea mpaka getini, akabisha.