Folda Iliyofifia

Jumamosi, saa 4:00 asubuhi. Chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe, Mwankoko.

"Leo hatuibi," Mughwai alisema. "Tunafuta picha."

Wiki iliyopita alivamia kiwanda cha alizeti, kile kilichobinafsishwa, akamuua mlinzi. Meneja akampiga picha kutoka dirishani, akaziingiza kwenye kompyuta. Naye akala risasi. Jana kazinduka hospitalini Dodoma, kasema yote. Mji mzima umesikia. Leo mchana polisi wanazifuata picha hizo.

"Si tuivunje tu hiyo kompyuta?" aliuliza Chediel, dereva.

"Kuvunja ni kazi ya wezi wa kuku. Redempta atafuta. Wataona meneja kachanganyikiwa."

Eti jambazi msomi! Mughwai alimwokota Redempta kwenye steshenari, alikokuwa akichapa barua za watu. Binti alikubali upesi mno; mwenye akili angejiuliza. Mughwai hakumuuliza hata kwao wapi. Mlinzi yule aliyeuawa, Eliya, alikuwa kaka wa Redempta, wa tumbo moja.

Saa 5:10. Kiwanda kimya. Waliingia ofisini kwa ufunguo alioporwa marehemu mlinzi. Redempta akaketi. Mughwai akasimama nyuma yake, bastola mkononi.

Redempta hakufuta. Aliweka tiki kwenye neno la kuficha, akitegemea folda ya picha itoweke machoni. Wapi! Kompyuta ile ilipangwa kuonyesha hata vilivyofichwa. Folda ikapauka tu, ikabaki palepale.

"Mbona ipo?" Bastola ikagusa kisogo chake.

"Inafutika, bosi. Si unaona inavyofifia? Picha nzito hizo."

"Basi tunasubiri iishe."

Saa 5:35. Chediel akachungulia mlangoni. "Bosi, tuondoke! Polisi wako njiani!"

"Tulia, mshamba wewe. Imebaki kidogo." Alisogeza pua hadi kwenye kioo. "Naona kabisa inaisha."

Chediel akatema mate chini, akaondoka na gari. Mughwai hakugeuka hata aliposikia mngurumo.

Saa 5:50. Polisi walimkuta ameinama vilevile, anakodoa macho kama anayechungulia sufuria. Walimnyang'anya bastola kabla hajasimama wima.

Redempta akaondoa tiki. Folda ikarudi na rangi yake yote. Mughwai, pingu mikononi, alitukana mpaka povu likamtoka. Limbukeni mkubwa!

"Ifungue," inspekta alisema.

Redempta akamsogezea kipanya.

"Fungua mwenyewe, afande. Huyo aliyelala chini kwenye picha ni kaka yangu."