Kinyozi Aliyemkana Mwanawe

Ndugu zangu, kisa hiki kinatia haya kukisimulia, kwa kuwa Hosea Tolliver ni mtu wetu, tunasali naye kanisa moja. Lakini tukikificha, watoto wetu watajifunzia wapi?

Hosea alikuwa kinyozi hapa mjini kwetu, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtu mweusi mwenye duka lake mwenyewe kwenye barabara kuu, na vichwa vyote alivyonyoa humo vilikuwa vya Wazungu. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mweusi akikikalia kiti cha duka lile mara moja tu, Mzungu hakikalii tena. Hata mkewe Verdell na mwanawe Linwood hawakuwahi kupita mlango wa mbele. Linwood alinyolewa jikoni nyumbani, mpaka alipokwenda chuoni.

Jumamosi moja asubuhi duka lilikuwa limetulia. Redio iliimba taratibu, sabuni ilinukia vizuri. Bwana Crandall, mkuu wa polisi, alikuwa amelaza kichwa kitini, na wembe wa Hosea ukimpita shingoni.

"Hosea, hawa vijana wenu wa chuo wanataka kukaa kila mahali pa Wazungu," alisema. "Kesho watataka kitanda changu."

Wateja wakacheka. Hosea naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Mara mlango ukafunguliwa. Akaingia Linwood, amevaa suti yake ya kanisani, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha pili kilichokuwa kitupu, akakaa.

"Habari za asubuhi," alisema. "Naomba kunyolewa."

"Huyu anataka kunyolewa au anakwenda kuoa?" mteja mmoja alidhihaki, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Crandall akainuka, povu likiwa bado shavuni. "Hosea, unamjua huyu?"

Linwood hakutamka neno "baba". Alimtazama tu, akamwachia mzee achague mwenyewe.

Hosea aliangalia vioo vyake, viti vyake, na wale watu waliomkodolea macho. Kisha akasema, "Simjui, bwana. Atakuwa mmoja wa wale wachochezi kutoka kaskazini."

Jamani! Nani hapa kwetu asiyejua polisi walivyowatenda wachochezi wa kutoka nje? Kijana wa mjini alikuwa na mama wa kumlilia na mchungaji wa kumwombea. Mgeni hakuwa na mtu. Polisi waliitwa, Linwood akaburutwa nje kwa kola ya suti yake, na Hosea akarudi kumalizia ndevu za Crandall.

Aliporudi nyumbani mchana, habari zilikuwa zimemtangulia.

"Baba Linwood, ni kweli umesema humjui?" Verdell alimwuliza.

"Wote walikuwa wananitazama, mama Linwood. Ningefanya nini?"

"Na mtoto je? Yeye hakuwa anakutazama?"

Hosea akakimbilia kituo cha polisi, akavua kofia. "Bwana, yule kijana ni mwanangu."

Crandall alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ulinidanganya, kisha ukaniwekea wembe kooni! Umechelewa. Ameshapelekwa kambi ya wafungwa kuvunja mawe ya barabara."

Tangu siku hiyo hakuna Mzungu aliyekanyaga dukani kwa Hosea. Sisi nasi tulipita upande wa pili wa barabara.

Wakili wa kanisa alihangaika wiki nyingi mpaka Linwood akaachiliwa. Tulikwenda kumpokea. Alishuka kwenye gari amekonda, na sikio la kushoto halisikii tena. Mama yake alimkumbatia, hakutaka kumwachia. Hosea alisimama mbali. Alikuwa tayari kutukanwa, pengine hata alitamani atukanwe.

Linwood akamwendea.

"Baba, asubuhi ile kituoni walinipiga wakitaka niseme mimi ni mtoto wa nani. Sikuwaambia. Niliogopa watakufungia duka. Wateja wako wapo?"

Hosea alivua kofia. Akajifunika uso kwa kofia yake, akalia mbele yetu sote, mtu mzima mwenye mvi. Nasi tuliokuwa tumejiandaa kumzomea, tukainamisha macho chini.

FUNZO

Tusidhani kwamba aliyetufungia milango ni Mzungu peke yake. Ipo milango iliyoshikiliwa na mikono yetu wenyewe, kwa kuogopa kukosa mkate. Mzazi, usimkane mwanao ili upendwe na mtu anayekudharau, kwa sababu mtu huyo hatakupenda hata ufanyeje, na atakayelipia woga wako ni mtoto. Vijana wetu wakikaa mahali tulipokatazwa kukaa, basi tuseme kwa sauti kwamba ni watoto wetu.