Nilimwambia Kiptoo Kwamba Ni Mvua Tu

Mimi ni mwalimu wa shule moja ya hapa Nakuru, na umri wangu ni miaka thelathini na minne. Ninayoyasimulia yalitokea miaka mitatu iliyopita, na tangu siku ile sijaonja usingizi wa mtu mwenye moyo safi. Wasomaji wenzangu, nisomeni kwa subira, kisha mnihukumu.

Nililelewa kando ya ziwa la Naivasha, katika shamba la mzungu aliyemwajiri baba yangu. Huko nilijifunza kuvua na kuogelea, nami nilijivunia ujuzi huo kupita kiasi. Rafiki yangu Kiptoo, mwalimu mwenzangu, alizaliwa Keringet, kwenye milima, ambako mito aliyoijua ilimfika magotini. Likizo ya Aprili tulipanda garimoshi hadi Mombasa, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi kumfundisha kuvua baharini... bahari ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuiona!

Asubuhi ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulipofika ufukweni tuliona fungu la mchanga limejitokeza mbali kidogo. Kati yake na nchi kavu palikuwa na mkondo wa maji ya kufika vifundoni. Kiptoo alitangulia na kikapu cha chambo. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya paa la makuti akaniita kando.

"Maji yamekupwa, bwana," aliniambia. "Yakianza kujaa, mkondo huu ndio hujaa kwanza, nyuma ya migongo yenu. Msingoje kulowa miguu."

Nilimjibu kwamba nimevua tangu utotoni. Ukweli ni kwamba sikumwelewa. Ziwa letu halina kupwa wala kujaa. Likiongezeka, huongezeka kwa mvua, tena kwa majuma mengi. Niliona haya kuuliza. Kiptoo alipotaka kujua mzee alisema nini, nilimjibu, "Ametutakia heri."

Hiki kilikuwa kiburi cha namna gani?

"Mwalimu," Kiptoo alinitania tulipotupa mishipi tukiwa juu ya lile fungu la mchanga, "nikirudi bila samaki nitamwambia mke wangu ulinileta huku kuniosha miguu." Muda si mrefu alivuta samaki mmoja mnene aina ya changu, akacheka hadi machozi. Kisha akatazama chini.

"Mbona maji yanapanda?"

"Ni mvua tu," nilisema.

Yalipofika magotini aliuliza tena, nami nikajibu vilevile, kwa maana ndivyo nilivyoamini. Mvua ilikuwa imeuficha ufukwe. Tulipogeuka hatimaye, ule mkondo ulikuwa mto mpana uendao kasi. Kiptoo hakujua kuogelea. Nilimshika mkono tukaingia. Katikati, mkono wake ukaniponyoka... Mimi nilifika. Yeye alipatikana siku ya pili, akazikwa huko huko pwani.

Lakini ovu langu kubwa lilikuwa bado. Nilipofika Keringet, mbele ya ukoo mzima, nilisema kwamba tulionywa sote wawili, na kwamba Kiptoo ndiye aliyekaidi. Baba yake, mzee mpole, alisimama akaniomba radhi kwa hatari ambayo mwanawe alinitia. Mjane akaniletea maziwa ya kibuyu. Nikayanywa.

Nilistahimili miezi minane. Nilikonda, nikasahau masomo niliyokuwa nikiyafundisha, nikawa nakwepa kila mtu atokaye upande ule. Mwishowe nilirudi Keringet, nikamweleza yule mzee yote bila kupunguza neno. Alichora ardhi kwa fimbo yake.

"Mwalimu," alisema, "kila siku nawakanya wajukuu zangu wasiwe wakaidi kama baba yao. Sasa niwaambie nini?"

Hakunifukuza wala hakunilaani. Aliniacha nimekaa pale, akaenda kuwaita watoto.

Ndugu msomaji, nakusihi. Usilolijua, liulize, hata kama mbele yako yupo mtu anayekusifu kwa ujuzi. Na ukipewa onyo linalowahusu wawili, mfikishie mwenzako kama ulivyolipokea, achague mwenyewe. Mimi nilimchagulia Kiptoo, kisha nikamsingizia uchaguzi huo akiwa kaburini.