Diski Mpya ya Kibondo

Haidari, rafiki yetu fundi kompyuta wa Kasulu, aliitwa Kibondo mchana mmoja kuongeza diski kwenye seva, kompyuta kuu ya zahanati. Nafasi ilikuwa imejaa, wagonjwa hawaandikishwi. Msimamizi, mzee Leonidasi, hakumpa hata karibu.

“Fundi mwenzako alitukimbia. Wewe hutoki mpaka umalize,” alisema, akafunga kwa nje mlango wa chumba kisicho na dirisha.

Haidari akafungua boksi, akachomeka diski, akaanza kutenga sehemu ya kuhifadhia kumbukumbu. Seva ikakataa: diski hiyo mpya ilikuwa imeshajaa. Akaifuta. Ikajaa tena. Akaifuta mara ya tatu, jasho likimtiririka, na papo hapo umeme ukakatika. Feni zikanyamaza. Katika giza lile akasikia mkwaruzo, kama ukucha juu ya bati.

“Mzee, nifungulie!”

“Umemaliza?”

“Nifungulie, nakuomba!”

Mlango haukufunguliwa. Haidari akapapasa, akaichomoa diski, akaikamata kiganjani, haina waya wala umeme. Mkwaruzo haukukoma. Ulikuwa ndani ya diski, nao ulisogea taratibu mpaka ukatulia chini ya kidole gumba chake.