Anayepiga Kwenye Mapengo

Besi ililia, lakini si Wendelin aliyeipiga.

Ilikuwa Jumapili mchana, msimu wa kahawa, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima ya Umatengo na malori yao na kila baa ya Mbinga ikataka muziki. Bendi ilikuwa inapiga ukumbini nyuma ya soko. Wendelin alisimama mahali pake pa siku zote, kando ya dramu, mgongo karibu na spika kubwa ili mtetemo umwingie mbavuni. Wimbo ukafika pale ambapo yeye, kwa kawaida yake, huinua vidole na kunyamaza kidogo, wachezaji waning'inie, kisha huwashusha kwa noti moja nzito. Akainua vidole. Ndani ya kimya kile ikalia noti nene, ya chini kuliko uzi wake wa chini kabisa, ikapita sakafuni kama lori lililojaa magunia. Watu wakapiga ukelele wa raha. Wendelin akaitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa hewani.

"Leo umetumaliza!" Kilian alimwambia walipopumzika, akijifuta jasho. Kilian ndiye aliyekuwa mwimbaji, kiongozi wa bendi na mwenye vyombo. "Ile ya chini umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto. Jumapili ijayo uiweke tena."

Wendelin alikuwa mtu wa Maguu, mtoto wa wakulima, na kuhusu besi hakuwa na mzaha. Besi, alisema, ni nguzo ya nyumba, na nguzo haichezi. Hupigwa kwa vidole vitupu. Anayetumia kipande cha plastiki akapige solo. Vinanda vya umeme vinavyojidai kutoa besi kwa mkono wa kushoto aliviita redio zenye meno. Muziki wa kaseti hakuuita muziki, maana kaseti haikuoni ukichoka wala haingoji mguu wako. Lakini lililomkaa rohoni kuliko yote ni hili: mpiga besi hujulikana kwa noti anazoziacha. Aliyasema hayo kilabuni, pombe ikizunguka, na kila alipoyasema lazima amtaje Othmar.

Othmar, Mnyasa wa Liuli kando ya Ziwa Nyasa, ndiye aliyeishika besi ile kabla yake. Yeye alipiga noti nyingi, za haraka, zinazofuatana bila kupumua, mpaka mji ukamwita Mvua ya Mawe. Kisha siku moja, katikati ya msimu, aliiegemeza besi ukutani, akateremka ziwani, asirudi. Mbinga ikabaki imegawanyika. Waliompenda Othmar walisema Wendelin anapiga kama mtu anayesinzia. Wa upande wa Wendelin walisema yule mwingine ni kelele tupu.

"Anadonoa kama kuku aliyeona mtama," Wendelin alipenda kusema. "Anaogopa kunyamaza kwa sababu hana la kusema."

Watu walicheka. Maneno yakateremka na abiria wa Landrova mpaka ufukweni, na jibu likapanda na dereva: "Mwambieni huyo Mmatengo aendelee kunyamaza. Ataitikiwa."

Basi akaitikiwa. Jumapili iliyofuata noti ile ilikuja tena, na iliyofuata zikawa nyingi, kila moja ikikaa sawasawa katika pengo aliloliacha. Ikaja na harufu: samaki mbichi na tope la ukingoni, humo humo ukumbini, mwendo wa saa kadhaa kutoka ziwani. Nyuzi zikawa baridi na zenye utelezi. Siku moja jenereta lilizimika katikati ya wimbo, vyombo vyote vikafa, na besi ikaendelea peke yake. Wendelin alikuwa ameibana kifuani, kiganja juu ya nyuzi zote. Akatazama watu. Walikuwa wamesimama vilevile walivyokuwa wakicheza, huyu mguu juu, yule kichwa nyuma, midomo wazi, vifua vimetulia kama vya maiti, na macho yao yote yalikuwa kwake. Noti ilipokoma wakavuta pumzi kwa pamoja, wakacheka, wakaomba irudiwe.

"Kilian, hukuona?" alinong'ona.

"Nimeona ukumbi umejaa."

"Sitaipiga tena besi hii."

"Usipige. Kuna jamaa Songea anauza kinanda." Kilian alikuwa hacheki. "Mimi siuzi mawazo yako kuhusu besi, Wendelin. Nauza dansi."

Wendelin akaondoka na gitaa lile la besi begani, akidhani akiliweka nyumbani bila kuligusa mambo yatatulia. Mkewe Lidia alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mahindi. Mchi ulishuka, *du*, ukapanda, na ulipokuwa juu, kinu kikajibu chenyewe, *du*, kwa sauti nene zaidi. Lidia aliusimamisha mchi hewani. Kinu kikapiga tena.

"Baba Yuliana," aliita polepole, bila kugeuka. "Umekuja na nani?"

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa yao. Popote palipokuwa na mapumziko, kitu kiliingia: kati ya nyundo na nyundo jirani alipopigilia bati, kati ya salamu na kiitikio, kati ya Salamu Maria moja na nyingine walipokuwa wakisali rozari. Lidia alilihamishia gitaa zizini. Mbuzi wakavunja mlango wakakimbia. Kisha Yuliana, binti yao aliyekuwa bado ananyonya, akashikwa na homa. Lidia alimlaza mchana, akaweka sikio karibu na kifua chake, akamwita mumewe kwa mkono. Wendelin akainama. Mtoto alivuta pumzi, akaitoa, na kabla hajavuta nyingine, katika ule upenyo mdogo ambao hata mama hauhesabu, kulikuwa na pumzi ya pili, nzito, ya mtu mzima, yenye harufu ya tope, na kila ilipokuja ilikaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyokaa mwanzo, na mtoto aliingoja iishe ndipo avute yake.

"Kinamsubirisha," Lidia alisema. "Siku kitakapochelewa kutoka, je?"

Asubuhi yake walimpeleka, pamoja na gitaa, kwa Bibi Bonifasia, mganga wa kijiji cha Ruanda palepale Mbinga, ambaye hata walimu wa dini walimwendea kwa siri. Bibi hakuuliza mengi. Aliligusa gitaa kwa kidole kimoja, akakinusa, akakipangusa kwenye majani.

"Huu si mzimu wa mtu," alisema. "Hili ni jini la ziwa. Linapenda sauti nene, na halina mikono. Kila jini na ngoma yake, mwanangu. La kwenu ngoma yake siijui mimi. Nenda kwa aliyekuwa nalo kabla yako."

Wendelin alijua ni nani, na moyo ukamkataa. Lakini Yuliana alikuwa amebadilika rangi mdomoni. Walipanda Landrova, wakateremka milima kona baada ya kona, Lidia akimpuliza mtoto usoni njia nzima ili kati ya pumzi na pumzi pasibaki nafasi.

Walimkuta Othmar ufukweni Liuli, akigeuza usipa, dagaa wa ziwa lile, juu ya kichanja. Alikuwa amekonda, vidole vimepinda kama mizizi.

"Shikamoo, kaka Othmar."

Othmar aliacha kugeuza samaki. Alikuwa analitazama gitaa. "Kuku wa mtama ndiye mimi," alisema baadaye. "Karibuni."

"Nimekosa. Mtoto wangu anakufa."

"Mtoto wako anakufa kwa sababu ya mtindo wako." Alilisema hilo taratibu, kama anayeonja kitu alichokisubiri. "Ulidhani napiga nyingi kwa majivuno? Nilikuwa naziba! Kila upenyo niliouacha, liliingia. Nilipiga mpaka kucha zikang'oka. Ukaja wewe, ukalifungulia mlango, ukauita ufundi."

"Ungesema! Uliondoka ukaniachia bila neno."

"Ningesema, ungesikia? Si ulikuwa unajua yote?"

Lidia akapiga goti mchangani na mtoto. "Shemeji, mtagombana tukishamzika?"

Othmar akamtazama mtoto. Kisha akaeleza. Jini lile huingia penye pengo, na huchoka kama mtu. Likizibiwa kila upenyo tangu mchana mpaka jua lizame ziwani, hurudi majini. Mtu mmoja hawezi, vidole vinakufa. Yeye alijaribu peke yake akashindwa. Wawili wanaweza, wakipokezana bila kuacha kimya hata cha kupepesa jicho. Hakuna haja ya umeme. "Litatusikia," alisema, akaupapasa mpini wa gitaa toka juu mpaka chini. "Ile noti ya chini, bado linaipiga?"

"Bado."

Othmar akafumba macho.

Wakakaa mchangani bega kwa bega, watu wawili waliochukiana, gitaa likilala magotini mwa wote. Othmar alianza. Bila spika besi ilisikika kama panya darini, lakini mvua ile ya mawe ilikuwa kamili, hakuna palipovuja. Alipochoka, Wendelin alipenyeza vidole vyake chini ya vya mwenzake, akadonoa. Alidonoa kama kuku. Alipiga kila kitu alichokidharau maisha yake yote, noti juu ya noti, bila maana, bila nguzo, na sikioni mwake ikaanza sauti yenye unyevu, karibu sana, ikimsemesha kwa maneno yake mwenyewe.

*Mpiga besi hujulikana kwa noti anazoziacha. Acha moja. Moja tu. Sikia unavyoharibu.*

Vidole vyake vilipojikwaa, Yuliana alikoroma, na pumzi ile nyingine ikalala juu ya mtoto kama jiwe. "Piga!" Lidia alilia. "Baba Yuliana, piga!" Akapiga. Ngozi ilichubuka, damu ikalainisha nyuzi, Othmar akapokea, akarudisha, akapokea tena; upepo ukafa, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakakusanya vitu vyao na kuondoka bila kuaga, maji ya ukingoni yakaanza kutetemeka bila wimbi, na kutoka chini yake ikapanda ile harufu mpaka Lidia akatapika pembeni huku amembana mtoto kifuani, na jua likashuka, likashuka, likagusa maji upande wa Malawi.

Ilikuwa zamu ya Othmar. Kilichobaki cha jua kilikuwa kama ukucha. Othmar akainua mkono.

Kimya.

"Unafanya nini!" Wendelin alilirukia gitaa. Othmar alikuwa amelikumbatia kwa nguvu za mtu mwingine kabisa, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Wewe ulilipata bure," alisema. "Ukaliogopa. Mimi tangu niliache sijasikia muziki, nasikia mabati tu. Njoo," akasema, na hakuwa anasema na Wendelin. "Njoo, nimekuachia."

Noti ile ikaja. Ilitoka majini, ikapita chini ya mchanga, ikampanda Othmar miguuni, na Wendelin akaona kifua cha mwenzake kikisimama na vidole vyake vilivyopinda vikinyooka kimoja kimoja. Mikononi mwa Lidia, Yuliana alilia kilio kikali cha njaa, cha mtoto mzima wa afya. Na Othmar akaanza kupiga. Ilikuwa mvua na ilikuwa nguzo. Noti zote zilikuwepo, na mapengo yote yalikuwepo, na hakuna lililomdhulumu mwenzake. Wendelin hakuwahi kusikia kitu kama kile, wala hakuwahi kufikiri kwamba besi ingeweza kuwa hivyo. Othmar aliingia ziwani akipiga, maji yakafika kiunoni, kifuani, na sauti haikupungua, na Wendelin akajikuta maji yamemfika magotini, akimfuata.

Lidia alimtandika kofi la uso. Akamtandika la pili. Kisha akamshika ukosi, mtoto begani, akamvuta mpaka barabarani kama anavyovutwa mlevi, na hakumwachia mpaka walipopata gari la kupanda Mbinga. Hata huko juu milimani, bodi la gari lilikuwa likitetemeka kwa mpigo ambao haukuwa wa injini.

Mwili wa Othmar haukuokotwa, wala gitaa. Wavuvi wa upande ule husema kuna siku, ziwa likiwa shwari kabisa, kamba ya wavu hutetemeka mkononi kwa mpigo wa dansi, na mwenye akili huikata. Kilian alinunua kinanda chake. Yuliana akakua. Wendelin alirudi Maguu, akalima kahawa ya baba yake, na chombo cha muziki hakushika tena.

Hata hivyo kilabuni ubishi haukwisha. Mwaka fulani baada ya mavuno, mtu mmoja aliyewahi kucheza dansi lao alimgeukia. "Kaka Wendelin, leo tuambie bila wivu. Kati yako na Othmar, nani alikuwa anajua besi?"

"Kati yetu, hakuna."

"Sasa nani?"

Wote wakaweka vikombe chini wamsikilize. Kilabu kizima kikanyamaza kumngoja. Wendelin alifungua mdomo, akakisikia kile kimya kinavyopanuka, na jasho likamtoka. Akaanza kusema mbio mbio: bei ya kahawa, mvua zilivyochelewa, ng'ombe wa jirani, jina la kila mtu aliyekuwa pale, chochote kilichomjia, bila nukta, bila kumeza mate, huku watu wakitazamana. Na maneno yalipoanza kumwishia, akashusha mikono yote miwili, akaanza kugonga meza.